Fahamu: Teknolojia ya chuo kikuu inavyofika kijijini

Programu za vyuo vikuu za teknolojia kwa manufaa ya umma humtoa msomi darasani akatatue tatizo pamoja na wenye tatizo. Wilayani Mbinga, kusini mwa Tanzania, kazi hiyo ilifanywa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani.

Katika miaka ya 1990 watafiti walianza kwa kujifunza ngolo, kilimo cha Wamatengo, wenyeji wa Mbinga, cha kwenye miteremko mikali. Nyasi hufyekwa, hulazwa kwa mistari inayokatana, kisha hufukiwa kwa udongo. Mashimo yanayobaki katikati hunasa maji ya mvua na kuzuia mmomonyoko, nazo nyasi huoza na kuwa mbolea.

Mwaka 1999 SUA, kwa msaada wa Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani (JICA), ilianzisha kituo cha maendeleo endelevu vijijini. Katika kijiji cha Kindimba, wilayani humo, ikajengwa mashine ya kusaga nafaka inayoendeshwa na nguvu ya maji ya mto, bila dizeli. Usimamizi ulikabidhiwa kamati ya Sengu, yenye jina la desturi ya Wamatengo ya kula na kushauriana pamoja. Mashine ikitegemea mto, kutunza vyanzo vya maji huwa faida ya kila kaya.

Mjini nako kazi kama hiyo imefanyika: Dar es Salaam, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walianza mwaka 2015 kuchora ramani za kata zenye mafuriko katika mradi wa Ramani Huria, wakishirikiana na wakazi. Kote kuwili, ujuzi wa wenyeji ni sehemu ya mafunzo yenyewe.