Hisa za Sigara na Hukumu za Mahakama

Askari anayestaafu na kiinua mgongo chake mkononi huambiwa mengi, na miongoni mwa hayo ni kwamba hisa za kampuni ya sigara hazimtupi mtu. Kwa ndugu zetu wa Fuma, Koyama na Kismayu, soko la karibu zinakouzwa hisa hizo ni la Nairobi, ambako BAT Kenya imeorodheshwa tangu mwaka 1969. Dar es Salaam nako ipo TCC, iliyoingia sokoni mwaka 2000. Swali letu ni hili: wavutaji wakienda mahakamani, mwenye hisa atapoteza nini?

Nyumba yake haitauzwa, wala jahazi lake. Kisheria kampuni ni mtu kamili. Deni lake ni lake peke yake, na mwanahisa hupoteza zile fedha alizonunulia hisa tu. Lakini hizo zaweza kwisha zote.

Tuitazame Kanada. Mwaka 2015 mahakama ya Quebec iliziamuru kampuni tatu za sigara kuwalipa wavutaji fidia ya zaidi ya dola bilioni 15 za nchi hiyo. Mwaka 2019 rufaa yao ikashindwa, na zote tatu zikakimbilia kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Machi 2025 ikaidhinishwa suluhu ya dola bilioni 32.5. Moja ya kampuni hizo ni tanzu ya BAT ya London. Nyingine ni ya JTI, mwenye hisa nyingi katika TCC. Hata hivyo, BAT Kenya na TCC hazikuwa miongoni mwa washtakiwa, na tanzu moja haibebi deni la tanzu nyingine.

Kwetu hatari imepitia mlango wa sheria. Kanuni za Kenya za mwaka 2014 ziliwataka watengenezaji na waingizaji wa tumbaku kuchangia kila mwaka asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao. BAT ilizipinga hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ya Uganda ililitupa shauri la kampuni hiyo dhidi ya sheria ya tumbaku ya 2015.

Basi asomaye hesabu za kampuni asiishie kwenye gawio. Afungue kurasa za nyuma, penye maandishi madogo yanayoeleza mashauri na madeni yanayoweza kuzuka. Huko wauza hisa hawampeleki mtu. Sisi tungeweka humo sehemu ndogo tu ya kiinua mgongo, ile ambayo ikipotea haitamtoa mtoto shuleni.