Swali Lililotoka Magamba

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, wanafunzi walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakasubiri yapoe ndipo wayaweke kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, aliona atakosa trei ya mwisho, kwani mwenzake alikuwa amewahi kuweka maziwa yake bila hata kuyachemsha. Mpemba akasema liwalo na liwe, akayaingiza ya kwake yangali moto. Waliporudi baada ya saa moja na nusu, yale ya moto yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa mazito tu kama uji.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganya mambo, hilo haliwezekani.

Kisa hiki kinajulikana duniani kwa jina la kijana huyo. Mimi huwasimulia wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kwa sababu ya yale yaliyofuata, maana humo naona namna hasa ya kusoma masomo ya sayansi na ufundi. Mpemba hakulitupa swali. Aligundua mjini Tanga kwamba watengeneza aiskrimu nao huweka maziwa ya moto ili yawahi kuganda. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa kidato cha tano, akafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akaliuliza tena na kuchekwa. Alipokuta maabara iko wazi, akachukua bika mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji ya moto, akaziweka kwenye friza ajionee mwenyewe.

Kisha akaja mgeni kutoka Dar es Salaam, mhadhiri wa fizikia Denis Osborne. Mpemba akasimama na kuuliza: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo mmoja, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vyote vikaingizwa kwenye friza, mbona cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda?

Litazame swali hilo. Lina vipimo, limetaja kilicho sawa na kinachotofautiana, na limetokana na jambo alilolifanya kwa mikono yake. Wanafunzi wengi huja ofisini kwangu wakisema, "Mwalimu, sijaelewa topiki ya tatu." Nawahurumia, lakini hapo sina pa kuanzia. Huwaomba warudi na karatasi waliyojaribu kukokotoa, hata kama imeharibika mstari wa pili. Mstari ule ulioharibika ndio unaonionyesha tatizo, na mara nyingi wao wenyewe huliona kabla hawajafika mlangoni.

Tatizo kubwa ni kwamba wanapiga msuli kwa kusoma madesa yale yale mara tatu, nne, usiku kucha, hadi kila ukurasa unaonekana wa kawaida. Kuuzoea ukurasa kunadanganya. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi kifungu wakisome. Baadhi walikisoma tena, wengine walifunika na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, walioandika bila kutazama asilimia 56. Na mtihani wa chuo hauji baada ya dakika tano.

Kwenye hesabu pengo ni kubwa zaidi. Doug Rohrer na Kelli Taylor, katika utafiti wa mwaka 2007, waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne. Waliofanya umbo moja hadi wakamaliza, ndipo wakaenda la pili, walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa maswali walipata 60. Wiki moja baadaye wa kwanza walipata 20, wa pili 63. Aliyechanganyiwa maswali alilazimika kila mara kuchagua kanuni ya kutumia, na kuchagua huko ndiko kunakowashinda wengi kwenye chumba cha mtihani. Kwa hiyo nawaambia wachane pasti pepa, wachanganye maswali ya topiki zote kwenye bahasha, wachomoe moja moja. Kwa sababu hiyo hiyo, hata diskasheni ya watu sita ambamo mmoja anaandika ubaoni na watano wananakili, naiona ni hasara ya jioni nzima.

Na swali la Mpemba je? Osborne aliporudi Dar es Salaam alimpa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yametangulia, ila angeendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja. Ubishi haujaisha: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya, hawakuona maji ya moto yakitangulia, wakaonyesha kwamba kukiinua au kukishusha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kuleta matokeo yanayofanana na hayo.

Mwanafunzi wangu mmoja kwao ni Lushoto. Kabla ya likizo nilimwagiza aandike kwanza maji yatachemka kwa nyuzi ngapi nyumbani kwao, ndipo apime. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha kuchemka hushuka takribani nyuzi moja kwa kila mita 300. Alikadiria 95. Akapima, akapata 92. Alikuja amenyong'onyea, akidhani kanuni imemtupa. Nikamuuliza kipimajoto chake kinasoma ngapi kwenye barafu inayoyeyuka. Hakuwa amejaribu. Akaomba barafu kantini, akakitumbukiza palepale mezani kwangu, akakitazama: nyuzi tatu chini ya sifuri. Akafungua daftari, na kabla ya kuniambia neno akaanza kuandika.