Bagamoyo: soko linalofuata maji

Ukiuliza soko la samaki la Bagamoyo linachangamka saa ngapi, mwenyeji atakuuliza kwanza mwezi una siku ngapi. Pwani hii ina kina kifupi. Wakati wa bamvua maji hutoka yakaenda mbali, mashua zikalala ubavu mchangani, na hakuna cha kununua mpaka yarudi.

Kina hicho ndicho kilichouponza mji. Majahazi ya pembe za ndovu yaliweza kupwelewa hapa bila taabu, lakini meli za moshi zilitaka bandari ya kweli, na mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu Dar es Salaam. Walioachwa nyuma ni wavuvi, ambao chombo chao hakidai gati.

Hakidai gati, ila kinadai mabega. Mashua ikitia nanga, vijana huingia majini mpaka kifuani na kurudi na ndoo kichwani, ujira wao ukiwa fedha au samaki. Mji huu ulikuwa kituo cha mwisho cha wapagazi waliotoka bara. Kazi ya kubeba haijaisha, imegeuka mwelekeo tu.

Kando ya forodha ya zamani mnada hauna mlolongo. Dalali anamwaga fungu chini: changu watatu, kolekole mmoja, pono wa kujazia. Fungu nililolisimamia lilipanda buku kwa buku kati ya mama mwenye mgahawa na kijana wa bodaboda aliyefunga deli nyuma ya kiti. Ghafla kijana akanyamaza, akafunua deli, akaangalia barafu iliyobaki. Akatikisa kichwa. Mama akaondoka na fungu lake.

Dar es Salaam iko umbali wa kilomita 70 hivi, barabara ya lami, na wanunuzi wa huko wana uwezo kuliko wa hapa. Lakini safari hiyo ni ya mwenye barafu. Asiyekuwa nayo anauza kwa bei ya jioni, na bei ya jioni inajua shida zako. Hata mgawo wa baharini unaanza na barafu: hukatwa kwanza pamoja na mafuta na chakula, ndipo kinachobaki kigawanywe, kwa kawaida nusu kwa mwenye chombo na nyavu, nusu kwa nahodha na mabaharia. Wavuvi wa dagaa wana hesabu yao nyingine. Wanavua kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikitanda wanapumzika, wapende wasipende.

Wanaoishika bei isianguke kabisa ni wanawake wa makarai. Wananunua vibua na samaki wadogo ambao mwenye mgahawa hawatazami, wanawakaanga hapo hapo kwa kuni, moshi ukiwaumiza macho. Samaki aliyekaangwa akakauka vizuri hulala siku mbili tatu bila barafu. Kwangu mimi hicho ndicho kiwanda cha Bagamoyo, na bado kiko chini ya vibanda.

Watalii hupitishwa hapa dakika tano, wakitoka jengo la kale la Caravanserai au wakienda kwenye magofu ya Kaole. Wanalipia mawe, wanapiga picha ngalawa, wanaondoka bila kununua hata kibua. Nadhani waongozaji wanakosea hesabu.

Juu ya yote haya kuna mradi wa bandari ya kina kirefu Mbegani, kusini mwa mji. Makubaliano yalitiwa saini mwaka 2013, serikali ikausimamisha mradi mwaka 2019, kisha ukafufuliwa. Ukikamilika, sehemu ya maji ya uvuvi itakuwa njia ya meli.

Yule kijana wa bodaboda nilimkuta tena magharibi inaingia, kwenye makarai, akisubiri fungu la vibua litolewe mafutani. Aliwapanga kwenye ndoo iliyotandikwa magazeti, akaifunga juu ya deli tupu, akawasha pikipiki kuelekea Dar.