Ngao ya Taifa la Kenya: Asili na Ishara Zake

Nembo zenye umbo la ngao zilienea Ulaya katika karne ya 12, wapiganaji walipochora alama kwenye ngao zao ili watambuliwe vitani. Baadaye hata vijiji vidogo vya Ufaransa vilijipatia nembo. Kenya ilipojinyakulia uhuru mwaka 1963 iliuchukua utaratibu huo, lakini ikaujaza maana zilizochipuka katika ardhi yake. Makala haya yanafafanua maana hizo, hasa zinazomgusa mkazi wa Nakuru na Bonde la Ufa.

Ngao yenyewe ni ya Kimaasai na ina rangi za bendera: nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru, kijani ni ardhi na nyeupe ni amani. Simba wawili wenye mikuki huashiria ulinzi. Katikati yumo jogoo aliyeshika shoka. Jogoo huwika alfajiri, hivyo huashiria mapambazuko mapya. Ikumbukwe kwamba alikuwa pia alama ya KANU, chama kilichotawala tangu uhuru hadi mwaka 2002. Chama kiliondoka madarakani, jogoo akabaki. Ishara ikishakuwa ya taifa, hupata maana pana kuliko ya aliyeileta.

Chini ya ngao upo Mlima Kenya pamoja na mazao: kahawa, chai, mahindi, mkonge, mananasi na pareto. Pareto ndiyo inayoihusu Nakuru kwa karibu zaidi. Maua haya meupe yenye kitovu cha manjano hustawi katika nyanda za baridi kama Molo na Mau Narok, na kiwanda cha kuyasindika kiko mjini Nakuru. Hutoa dawa ya kuua wadudu, na kwa miongo mingi Kenya iliongoza ulimwenguni kwa zao hili. Kilimo chake kilididimia baadaye, wakulima walipocheleweshewa malipo na wengi wakageukia mazao mengine. Juhudi za kulifufua zimekuwapo, ila mtoto wa Molo anaweza kulitaja ua hilo darasani bila kuliona katika shamba la jirani. Hapo kiashiria kimesalia ilhali kiashiriwa kimefifia. Nembo basi hukumbusha utajiri uliokuwapo, na pia deni ambalo taifa linadaiwa na mkulima.

Kwenye utepe limeandikwa neno moja tu: Harambee. Ni mwito wa watu wanaoinua au kuvuta kitu kizito kwa pamoja, ambao Jomo Kenyatta aliufanya kuwa wito wa kujenga taifa. Kisarufi, kihisishi hiki kimegeuka nomino ya ngeli ya I-ZI: harambee hii, harambee hizi. Kimaana nako kimepanuka, hata kikamaanisha mchango wa fedha za kujengea shule au kumlipia mgonjwa hospitalini.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 9, inaitaja nembo hii miongoni mwa alama za taifa. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, inatosha kuzingatia kwamba taifa lenye lugha nyingi lilipotafuta neno la kuwaunganisha watu wake, lilichagua la Kiswahili. Neno hilo haliwezi kutekelezwa na mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.