Mapigo ya Sauti: Kipimo Kisichohitaji Mashine

Katika kanuni, ala ya nyuzi inayotumika kwenye taarabu ya Zanzibar, kila noti kwa kawaida huwa na nyuzi tatu zinazopaswa kulingana. Zikipishana kidogo tu, msikilizaji hasikii sauti tatu, bali sauti moja inayojaa na kufifia kwa zamu. Huko kujaa na kufifia wanafizikia hukuita mapigo. Wengi huyachukulia kuwa kasoro ya kuondolewa, lakini kwa hakika ni kipimo makini ajabu. Uzi mmoja ukitetema mara 440 kwa sekunde na mwenzake mara 442, kuna nyakati mawimbi yao husukuma hewa kwa pamoja na sauti ikakua. Punde wimbi moja husukuma huku jingine likivuta, na sauti ikafifia. Hayo hutokea mara mbili kila sekunde, sawasawa na tofauti ya masafa hayo mawili. Sauti za 440 na 440.5 zikipigwa moja baada ya nyingine, watu wengi watasema ni ile ile. Zikipigwa pamoja, pigo moja husikika kila sekunde mbili. Kwa njia hii Joseph Sauveur wa Ufaransa, karibu mwaka 1700, alikadiria masafa ya mabomba ya kinanda bila umeme wowote. Mabomba yenye uwiano wa 24 kwa 25 yakitoa mapigo manne kwa sekunde, masafa yake lazima yawe 96 na 100.

Wapo wanaodai kuwa mapigo ni udanganyifu wa sikio. Kipaza sauti kilichounganishwa na kompyuta kinakanusha dai hilo, kwa kuwa mchoro wake huonyesha wimbi likipanuka na kusinyaa hata pasipo msikilizaji. Wengine watasema programu za simu za kulinganisha nyuzi zimeifuta kazi ya mapigo. Hoja yao ina uzito, maana mapigo hayasemi uzi upi umelegea. Sharti ukaze mmoja, na yakizidi kasi ujue umekosea njia. Hata hivyo, programu hupima kila uzi peke yake, ilhali jukwaani nyuzi husikika pamoja. Tena rada ya kupimia mwendo wa magari hutumia kanuni hiyo hiyo, ikilinganisha wimbi lililotumwa na lililorudi. Kwa hiyo walimu wa fizikia, kabla ya kuandika fomula ubaoni, wapeni wanafunzi nyuzi mbili wayahesabu mapigo wenyewe.