Charles R. Saunders na Hadithi za Upanga na Roho (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi hadithi za upanga na uchawi, yaani tawi la fantasia ambalo ndani yake shujaa mmoja hupambana na wafalme, wachawi na mazimwi katika nchi zisizo kwenye ramani, zilivyostawi Marekani baada ya Robert E. Howard kumleta shujaa wake Conan katika jarida la Weird Tales mwaka 1932. Sehemu hii inamhusu Charles R. Saunders, mwandishi na mhariri aliyezipenda hadithi hizo na ambaye, kwa kuwa alizipenda, hakuridhika na jinsi zilivyomchora Mwafrika.

Saunders alizaliwa Pennsylvania mwaka 1946, akasoma katika Chuo Kikuu cha Lincoln, na mwaka 1969, vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto, akahamia Kanada, alikoishi hadi mwisho wa maisha yake. Katika kazi za Howard na waliomfuata aliiona Afrika ikiwa pori la kutisha tu, na watu weusi wakiwa ama watumwa ama washenzi wa kuuawa ili shujaa mweupe apate sifa. Aliyasema hayo waziwazi katika insha zake za miaka ya 1970, lakini hakuishia kwenye lawama, kwani wakati huohuo alikuwa akimuumba Imaro, shujaa anayelelewa miongoni mwa Wailyassai, wafugaji waliobuniwa kwa mfano wa Wamasai, katika bara ambalo Saunders, akiazima kutoka Kiswahili, aliliita Nyumbani.

Hadithi za Imaro zilianzia katika majarida madogo ya wapenzi wa fani hiyo, na mwaka 1975 mhariri Lin Carter akaichagua moja kuingia katika mkusanyiko wa hadithi bora za mwaka. Riwaya ya kwanza, Imaro, ilitolewa na DAW Books mwaka 1981, lakini mchapishaji alikuwa amemtangaza shujaa huyo kwenye jalada kuwa Tarzan mweusi. Warithi wa Edgar Rice Burroughs, muumbaji wa Tarzan, shujaa mweupe wa porini Afrika, wakapinga, jalada likabadilishwa na kitabu kikachelewa kufika madukani. Ni jambo la kusikitisha kwamba kazi iliyoandikwa ili kuipinga picha ya Tarzan ililetwa kwa wasomaji chini ya jina hilohilo. Riwaya mbili zilifuata, mwaka 1984 na 1985, kisha mfululizo ukasitishwa.

Uadilifu wa Saunders ulidhihirika zaidi mwaka 2006, Imaro ilipochapishwa upya. Kabla ya toleo hilo aliiondoa sura nzima aliyoiandika zamani, kwa sababu aliona kuwa uhasama uliosimuliwa humo ulifanana mno na ule uliozaa mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, akaandika nyingine mahali pake. Sura hiyo ilitangulia mauaji hayo kwa miaka mingi, wala hapakuwa na aliyeweza kumlaumu. Hata hivyo aliiheshimu Afrika ya watu walio hai kuliko Afrika aliyoibuni mwenyewe, na heshima ya namna hiyo ni adimu katika fani inayozoea kuyachukua ya mataifa mengine kama mapambo.

Saunders alifariki Nova Scotia mwezi Mei 2020, akiwa na umri wa miaka 73. Aliishi peke yake, bila simu wala intaneti, hivyo miezi ilipita kabla ya wasomaji wake kupata habari, na walipogundua kuwa amezikwa katika kaburi lisilo na jina wakachangishana fedha za jiwe la kaburi. Baadhi yao walikuwa waandishi aliowafungulia njia, maana uhariri ulikuwa nusu ya kazi yake: tangu siku zake za Ottawa, ambako yeye na Charles de Lint walihariri jarida la Dragonfields, hadi gazeti la Daily News la Halifax, alikofanya kazi mpaka lilipofungwa mwaka 2008. Mwaka 2011, pamoja na Milton Davis, alihariri Griots, mkusanyiko uliopewa jina la watambaji na watunza historia wa Afrika Magharibi, ukiwa na hadithi za waandishi mbalimbali katika tawi la hadithi za mashujaa wa Kiafrika kama Imaro, lililokwisha kuitwa upanga na roho. Miaka miwili baadaye ukafuata mkusanyiko wa pili, uliohusu mashujaa wanawake, na kwa hiyo tawi alilolianzisha akiwa karibu peke yake lilikuwa na waandishi wengine wa kuliendeleza kabla yeye hajafariki.