Kamera za filamu na theluji: jinsi picha za kale zinavyotunza kumbukumbu ya barafu ya Afrika Mashariki

Theluji ni miongoni mwa mandhari yanayowasumbua sana wapiga picha wanaotumia kamera za filamu. Hata hivyo, ni picha za vioo na za filamu, zilizopigwa kwa taabu kubwa katika karne iliyopita, zinazoonyesha leo ni kiasi gani cha barafu kilichotoweka katika vilele vya Uganda, Kenya na Tanzania.

Eneo la Bulumbi, katika wilaya ya Busia mashariki mwa Uganda, halijui majira ya theluji. Liko kaskazini kidogo tu ya ikweta, na mwaka wake hugawanywa na mvua na kiangazi. Mtoto anayezaliwa huko huiona barafu kwa mara ya kwanza katika friji ya dukani, au siku mvua ya mawe inapopiga mabati.

Lakini wapo wenyeji wa mpaka huu, kuanzia Busia hadi Tororo na ng'ambo ya pili nchini Kenya, ambao leo wanaishi katika nchi zenye majira ya baridi kali. Huko baadhi yao wamezirudia kamera za zamani, zile za kuzungusha mkanda kwa kidole, na kukutana na swali ambalo mafundi wa studio za nyumbani hawakulazimika kulijibu: theluji hupigwaje picha?

Swali hilo lina historia katika Afrika Mashariki yenyewe.

Mlima uliopoteza barafu bila shahidi

Anga inapokuwa safi, mtu aliyesimama Tororo akitazama kaskazini mashariki huuona Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Kilele chake kina mita 4,321. Usiku wa baridi umande huganda huko juu, lakini hakuna barafu ya kudumu.

Haikuwa hivyo daima. Katika zama za barafu, maelfu ya miaka iliyopita, Elgon ulikuwa na barafuto, yaani barafu nene inayoteremka polepole mlimani kama mto. Wataalamu wa miamba wanalijua hilo kwa kusoma mabonde yaliyochongwa na barafu hiyo pamoja na vifusi ilivyoviacha nyuma. Hakuna picha wala mchoro wa barafu ya Elgon. Ushahidi uliobaki ni mawe tu.

Upande wa pili wa Uganda, katika mpaka na Kongo, safu ya Rwenzori ilikuwa na bahati tofauti. Barafu yake ilianza kupungua wakati ambapo tayari binadamu walikuwa wamebuni kamera.

Safari ya mwaka 1906

Mwaka huo mwanamfalme wa Italia Luigi Amedeo, aliyejulikana kwa cheo cha Duki wa Abruzzi, aliongoza msafara wa kuipanda na kuipima Rwenzori. Wasafiri hao walishuka Mombasa, wakapanda treni ya Reli ya Uganda hadi Port Florence, mji unaoitwa sasa Kisumu. Wakati huo njia ya reli ilikomea hapo. Kutoka hapo walivuka Ziwa Victoria kwa meli hadi Entebbe, wakipita katika maji yaliyo kusini mwa nchi ya Wasamia, kisha wakaelekea magharibi kwa miguu pamoja na wapagazi wao.

Miongoni mwao alikuwamo Vittorio Sella, mpiga picha wa milima kutoka mji wa Biella, aliyezaliwa mwaka 1859. Katika safari zake za awali kwenye milima ya Kaukazi, Sella alizoea kutumia vioo vikubwa vya sentimita 30 kwa 40. Kila kioo kilipakwa dawa inayohisi mwanga na kilitoa picha moja tu. Mpiga picha wa namna hiyo hakuweza kubahatisha: kioo kikivunjika au mwanga ukikosewa, safari nzima ilikuwa imepotea.

Kambi kuu iliwekwa Bujongolo, chini ya mwamba ulioinama, karibu mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Mizigo ilifikishwa huko juu kwa mabega ya Wakonzo, wenyeji wa milima hiyo. Mvua na ukungu viliandama msafara, na vilele vilionekana kwa vipindi vifupi. Tarehe 18 Juni 1906 Duki alifika kilele cha Margherita, chenye mita 5,109.

Picha za Sella zilionyesha mabonde, vilele na mapande ya barafu kwa undani ambao haukuwa umewahi kuonekana. Leo hifadhi ya kazi zake inatunzwa na Fondazione Sella, katika mji huohuo wa Biella.

Kwa Wakonzo, hata hivyo, theluji haikuwa habari mpya. Wao huiita Nzururu, na katika imani yao Nzururu ni baba wa Kitasamba, mwenye mlima. Jina la Rwenzururu, yaani mahali pa theluji, limetokana na neno hilo. Kamera ilikuja kuandika kwa mwanga jambo ambalo lugha ilikuwa imekwisha kulitaja.

Kwa nini theluji hutoka ya kijivu

Ugumu aliokabiliana nao Sella ndio unaomkabili mtu anayetoka nje leo na kamera ya baba yake asubuhi ya theluji.

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kwa kudhani kwamba mandhari yote, yakichanganywa, hutoa rangi ya kijivu cha wastani. Kwa uwanja wenye nyumba, miti na watu, dhana hiyo hufaa. Kikielekezwa kwenye theluji, kipimo huona mwanga mwingi mno na kuamuru upunguzwe. Matokeo yake ni theluji ya rangi ya majivu na nyuso za watu zilizofifia gizani.

Dawa yake ni kukikaidi kipimo. Mpiga picha huongeza mwanga kwa hatua moja au mbili, kila hatua ikiwa ni kuuzidisha mwanga mara mbili, ama kwa kupanua tundu la lenzi, ama kwa kupunguza kasi ya shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga. Njia nyingine ni kupima mwanga kwenye kiganja cha mkono au koti lenye rangi ya wastani, kisha kurudi kwenye mandhari bila kubadilisha vipimo.

Filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kidogo kuliko mwanga uliopungua. Filamu ya slaidi ni kinyume chake: ikizidishiwa mwanga, weupe wa theluji hupotelea mbali na hauwezi kurudishwa.

Vivuli navyo vina hila yake. Chini ya anga safi, kivuli juu ya theluji huwa cha buluu, kwa sababu kinaangazwa na anga badala ya jua. Macho hayatambui sana, lakini filamu ya rangi hunasa kila kitu. Vioo vya zamani, kwa upande wake, vilihisi buluu kupita kiasi, hata anga ikatoka nyeupe kama theluji yenyewe. Ndiyo maana wapiga picha wa milimani walizoea kuweka kioo cha njano mbele ya lenzi ili kuipunguza nguvu ya buluu.

Baridi, unyevu na maji ya uvuguvugu

Kamera ya zamani isiyotegemea betri ina faida katika baridi, kwani betri hupoteza nguvu upesi joto linaposhuka. Lakini nayo ina udhaifu. Grisi iliyokauka ndani ya shata huwa nzito na kupunguza kasi yake. Filamu hukakamaa, na ikizungushwa kwa haraka katika hewa kavu huweza kukatika, au kutoa cheche ndogo za umeme zinazoacha alama kama matawi ya radi juu ya picha.

Hatari kubwa huja wakati wa kurudi ndani. Kamera baridi ikiingizwa katika chumba chenye joto hutokwa jasho, na maji huganda juu ya lenzi na ndani ya mitambo. Inafaa kuifunga ndani ya mfuko wa plastiki ikiwa bado nje, kisha kuiacha ipate joto polepole kabla ya kuufungua.

Kwa aliyekulia Bulumbi, mambo ni kinyume kabisa. Huko adui wa kamera ni unyevu na joto, vinavyootesha ukungu ndani ya lenzi na kuharibu filamu iliyokaa muda mrefu. Hata kusafisha filamu kuna tofauti. Dawa za filamu nyeusi na nyeupe kwa kawaida hupimwa kwa nyuzijoto 20. Katika nchi ya baridi, fundi huyapasha maji moto. Katika nchi ya joto, hulazimika kufupisha muda, au kuiweka chupa ya dawa ndani ya beseni lenye vipande vya barafu.

Picha zilizogeuka kuwa kipimo

Waliopiga picha hizo za milima hawakujua kwamba walikuwa wakiandaa ushahidi. Kwa kulinganisha picha na ramani za 1906 na vipimo vya baadaye, watafiti wamekadiria kwamba barafu ya Rwenzori ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 6.5 hivi wakati wa msafara wa Duki. Kufikia mwaka 2003 ilibaki takriban kilomita moja ya mraba.

Katika Kilimanjaro, mwanajiografia Mjerumani Fritz Klute alitumia picha kuchora ramani ya barafu mwaka 1912. Njia hiyo hufanya kazi kama macho mawili: mahali pamoja hupigwa picha kutoka sehemu mbili zinazojulikana, na tofauti ya picha hizo huonyesha umbali na urefu. Wakati huo barafu ilikuwa karibu kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa imepungua hadi chini ya 2.

Kwenye Mlima Kenya, ramani ya barafuto ya Lewis iliyotengenezwa mwaka 1934 kwa njia kama hiyo ililinganishwa na vipimo vya 2010. Ilionekana kwamba barafuto hiyo ilikuwa imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Mwaka 2014 mpiga picha Mwingereza Simon Norfolk alichora kwa moto, usiku, mistari ya mahali ukingo wa barafu hiyo ulipofika katika miaka iliyopita, akapiga picha. Katika picha hizo moto unawaka juu ya mawe matupu, na barafu imejikunja mbali nyuma yake.

Watafiti hutaja ongezeko la joto pamoja na mabadiliko ya unyevu na mawingu kuwa sababu za upungufu huo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya mwaka 2021 kwamba barafu ya milima hii mitatu huenda ikatoweka kabisa kufikia miaka ya 2040.

Si kweli kwamba mito ya Uganda itakauka kwa sababu hiyo. Utafiti kuhusu mto Mubuku, unaotiririka kutoka Rwenzori, uliona kwamba maji ya barafu hayafiki hata asilimia 2 ya mtiririko wake; mengi hutokana na mvua. Kinachopotea ni kingine: kumbukumbu ya hali ya hewa iliyohifadhiwa ndani ya barafu, kazi za waongozaji wa watalii, na maana ya jina Nzururu kwa watoto watakaoutazama mlima mweusi.

Sanduku lililoko nyumbani

Funzo lililopo kwa wenye kamera za filamu leo ni rahisi. Picha moja ya mandhari ina thamani. Picha ya pili, iliyopigwa mahali palepale baada ya miaka mingi, huwa na thamani kubwa zaidi. Inatosha kuandika tarehe, mahali pa kusimama na upande kamera ilikoelekezwa. Ziwa linaloganda kila mwaka karibu na makazi, au kinamasi cha Bulumbi wakati wa mvua, vyote vyaweza kufuatiliwa hivyo.

Wasafiri wanaobeba filamu wakumbuke kwamba baadhi ya mashine mpya za ukaguzi katika viwanja vya ndege huharibu filamu ambayo bado haijasafishwa. Ni vyema kuiweka katika mzigo wa mkononi na kuwaomba wakaguzi waitazame kwa macho.

Na negativu za zamani zilizomo masandukuni, za harusi, za shule na za mashamba, zisitupwe kwa kuwa tu studio iliyozisafisha imefungwa. Zikiwekwa mahali pakavu na penye ubaridi, ndani ya bahasha za karatasi, huweza kudumu kwa vizazi. Nyuma ya bibi harusi huenda kuna mti ambao haupo tena, au kijito kilichohama.

Masaba ulipoteza barafu yake bila mtu wa kuiandika, na leo historia hiyo husomwa na wachache wanaojua lugha ya mawe. Barafu ya Rwenzori inaondoka mbele ya macho ya watu wengi, lakini mtoto wa Busia atakayeuliza kesho ilikuwaje anaweza kuonyeshwa picha.